Mishahara ya U8 ipimwe upya

Mhariri,

Kila bajeti ya Uganda inaposomwa Juni, tunabishana juu ya mishahara ya madaktari na walimu. Madereva, mafundi, wasafishaji wa wodi na askari wa mageti ya ofisi za wilaya hawatajwi. Wengi wao wako U8, ngazi ya chini kabisa ya utumishi wa umma, ambako mshahara umezungukia shilingi 200,000 kwa mwezi miaka nenda miaka rudi. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi milioni 4 mwaka 2022. Simwonei kijicho, wanangu wamesoma kwa watu kama yeye. Lakini dereva wa ambulensi anayeondoka Arua usiku na mgonjwa hadi hospitali ya Mulago, Kampala, zaidi ya kilomita 450, nani aliwahi kuipima kazi yake?

Marekani wana utaratibu wao. Tangu sheria ya 1972, mafundi na vibarua wa serikali ya shirikisho hulipwa kwa kuangalia kampuni binafsi za eneo lao zinalipa nini kwa kazi ya aina hiyo. Wazo la kupima kazi na mahali nalikubali. Kodi ya chumba Kampala si ya Koboko.

Ila tukiuleta utaratibu huo hapa hivihivi, tumeumia. Kampuni za ulinzi na mahoteli yetu hulipa wanavyotaka, kwa sababu sheria haiwabani. Kima cha chini cha mshahara tulichonacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984, na leo hakinunui hata kilo mbili za sukari. Bunge lilipitisha mswada mpya Februari 2019, Rais akakataa kuutia saini. Ukienda kwa waajiri hao kuuliza bei ya askari wa geti, utarudi na sababu ya kumpunguzia wa serikali.

Kwa hiyo kima cha chini kitangulie, halafu kazi zipimwe, na anayezifanya awepo mezani. Tunapandishiwa kwa asilimia, na asilimia 10 ya 200,000 ni 20,000, wakati bosi wa milioni 4 anaongezewa laki nne. Safari ijayo nyongeza ianzie U8, tena itajwe kwa shilingi. Chama cha wafanyakazi kinachotukata michango kila mwezi kisikubali kuongea na serikali juu ya lingine kabla ya hilo.

Dereva wa wilaya,
Arua