Mswada wa Fedha: Msitusingizie sisi

Bw Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka na miaka bila kuandika neno. Lakini ile taarifa yenu kwamba marekebisho ya ushuru hukwama Bungeni kwa kuwa Wakenya hawapendi kulipa imenikera. Hukwama Bungeni? Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru, ulipita Bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106. Ulikwama barabarani kwenye maandamano, vijana wakapoteza maisha, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini.

Kifungu cha 118 cha Katiba kinataka Bunge lishirikishe umma. Mimi niliwahi kwenda kutoa maoni kuhusu mswada wa aina hiyo, ukumbi sitautaja. Nakala ziligawanywa mlangoni, moja kwa benchi nzima, tena kwa Kiingereza. Ndani yake ni ondoa aya (b), weka aya mpya, ya sheria ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo mle ukumbini. Mzee mmoja kando yangu akauliza hiyo aya (b) inasemaje. Karani akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama simu. Kisha tukaambiwa kila msemaji ana dakika mbili na asirudie yaliyokwisha kusemwa. Yapi hayo, ikiwa hata aya (b) hatujaiona? Tulitia sahihi kwenye daftari tukaenda zetu, na sina shaka sahihi hizo ndizo zilizoitwa maoni ya wananchi.

Kusikiza kunawezekana. Ushuru wa mkate na ule wa magari wa asilimia 2.5 uliondolewa wiki moja kabla ya kura, watu walipofoka. Lakini Desemba mwaka uo huo sheria nyingine ya ushuru ikapitishwa watu wakiwazia Krismasi.

Na hapo sijagusa matanga. Mbunge aliyepiga kura ya Ndiyo huja, hunyakua kipaza sauti familia ikiwa haijamaliza kusema, kisha hudai alishurutishwa na chama. Lini wanasiasa watapigwa marufuku kuhutubia mbele ya jeneza?

Pendekezo langu: mbunge anayetaka kuunga mkono kifungu chochote cha ushuru asimame kwanza sokoni katika eneo bunge lake, siku ya soko, akisome kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, pamoja na sheria inayorekebishwa. Asije na walinzi, na mwavuli ajishikie mwenyewe. Akikwama kwenye aya (b), aanze upya.

Mwalimu mstaafu,
Kakamega