Ruhusa ya mdomo haiwafai wanafunzi Waislamu

Mhariri,

Ramadhani ikikaribia, wakuu wengi wa shule hapa Nairobi huwaambia wanafunzi Waislamu kuwa mambo yatapangwa. Na hupangwa kweli, na mwalimu mmoja mwenye roho nzuri. Akihamishwa, au zamu ikimwangukia mwingine, msichana aliyeruhusiwa hijabu Jumatatu anavuliwa langoni Alhamisi, kwa kuwa ruhusa yake haikuandikwa popote.

Wapo wanaodai Mahakama ya Juu ilipiga hijabu marufuku 2019. Haikufanya hivyo. Ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2016, uliowakubalia wasichana wa shule moja ya Isiolo kuivaa, kwa sababu dai lenyewe halikuwa limefikishwa mahakamani kwa utaratibu ufaao. Kifungu cha 32 cha Katiba bado kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa ajili ya dini yake. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, kama vile kanisa, kazi ya kukuza mambo ya kiroho huku akilinda imani za wengine. Nusu hiyo ya pili ndiyo isiyosomwa.

Bodi ikikaa, basi iandike hijabu ni ipi: rangi ya sare, bila nakshi, ya kuvaa kwa kichwa pasipo pini, urefu wa kufika kifuani. Ukiandika "hijabu ya heshima" umemwachia kila mwalimu wa zamu atafsiri atakavyo. Katika maabara tatizo ni kitambaa. Nailoni ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, kwa hiyo siku ya majaribio ivaliwe ya pamba na ncha zake zichomekwe ndani ya koti.

Swala ya Ijumaa hukwama kwenye maji kuliko kwenye ratiba. Bomba moja kwa wavulana 40, kila mmoja akitawadha kwa dakika moja, ni dakika 40. Wa mwisho anafika khutba imekwisha, kisha anaadhibiwa kwa kuchelewa somo la saa nane. Mitungi minne ya lita 20 yenye vibomba inamaliza kazi hiyo kwa dakika kumi, maana lita moja yamtosha mtu. Darasa tupu lililofagiliwa linatosha kuwa mahali pa kuswali. Kibla hapa Nairobi ni karibu kaskazini kabisa, kikiegemea mashariki kidogo tu. Mstari wa chaki sakafuni unamaliza ubishi.

Kwenye shule za bweni, Ramadhani huharibikia jikoni. Chakula cha jioni kikitolewa saa kumi na mbili, mfungaji hukipata kimepoa, tena masomo ya jioni yameanza. Sahani zao zifunikwe, tende na uji viwe tayari wakati wa magharibi, na daku iwe imeliwa kufikia saa kumi na moja alfajiri. Mpishi asiye na zamu ya usiku hataamka kwa ihsani mwezi mzima, kwa hiyo alipwe. Mfungo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii unaangukia muhula wa kwanza, wakati wa mashindano ya riadha. Mbio ndefu zihamishiwe asubuhi mapema. Na msichana asiyefunga au asiyeswali siku fulani asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Mwalimu mtu mzima anaijua.

Kuhusu matusi, tangu mashambulizi ya Westgate 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa 2015, "Al-Shabaab" limekuwa jina la utani analotupiwa mtoto yeyote mwenye jina la Kisomali. Shule nyingi huwapeanisha mikono aliyetukana na aliyetukanwa kwenye gwaride na kuyaita yamekwisha. Hapo aliyetukanwa ndiye aliyeaibishwa mara mbili. Neno liandikwe kwenye daftari la nidhamu kama lilivyotamkwa, pamoja na tarehe na waliolisikia, kisha mzazi wa aliyelisema aitwe ndani ya wiki. Likiandikwa "walikosana", likirudiwa muhula ujao litaonekana la mara ya kwanza. Walimu nao waache kumgeukia Mwislamu wa darasa, habari ya shambulio ikitoka, ili "awaeleze wenzake". Mtoto wa darasa la saba si msemaji wa mtu.

Yote haya hayazidi ukurasa mmoja. Upigwe muhuri na bodi kabla muhula haujafunguliwa, nakala ibandikwe chumba cha walimu na nyingine kwenye kibanda cha bawabu, maana langoni ndiko hijabu nyingi huvuliwa.

Walimu wa IRE (somo la dini ya Kiislamu),
Eastleigh, Nairobi