Inishowen si wilaya, wala haiko Ireland ya Kaskazini

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Ireland ilinifurahisha mpaka nilipofika penye "Inishowen, wilaya ya Ireland ya Kaskazini". Hapo pana makosa mawili.

La kwanza ninalisamehe, maana ramani yenyewe inapotosha. Inishowen ni rasi, na Malin Head, ncha yake, iko kaskazini kuliko mahali popote pa Ireland ya Kaskazini, hata kisiwa cha Rathlin. Lakini iko katika Jamhuri ya Ireland, upande ambao wengi huuita "Kusini". Bunge la Uingereza lilipoigawa Ireland mwaka 1920 lilifuata mipaka ya kaunti iliyokuwepo. Kati ya kaunti 9 za Ulster, jimbo la kaskazini, lilichukua 6 kuunda Ireland ya Kaskazini, likaiacha Donegal yenye Wakatoliki wengi. Inishowen, iliyokuwa ndani ya Donegal, ikaenda nayo, huku Derry, mji wake mkubwa wa jirani, ukibaki ng'ambo ya mpaka.

Kosa la pili, neno "wilaya", ndilo lililonifanya nishike kalamu. Inishowen ilikuwa baroni. Jina lisimdanganye mtu akadhani ni shamba la bwana mwenye cheo cha "baron": ni daraja la mgawanyo wa ardhi, chini ya kaunti na juu ya parokia. Waingereza ndio waliouweka, ila mara nyingi walifuata mipaka ya watawala wa Kigaeli, yaani Waairishi wa asili, waliowakuta. Inis Eoghain maana yake ni kisiwa cha Eoghan, ingawa ni rasi, kati ya ghuba za Swilly na Foyle.

Ukoo wa O'Doherty ndio uliotawala hapo. Cahir O'Doherty, mkuu wa ukoo huo, aliwahi kupigana upande wa Waingereza, wakampa na cheo cha "Sir". Mwaka 1608, baada ya kudhalilishwa na gavana wa Derry, aliuchoma mji na gavana akauawa. Julai mwaka huohuo naye akauawa. Na ardhi alipewa nani? Arthur Chichester, mwakilishi wa mfalme kule Dublin, yuleyule aliyesimamia kuuzima uasi.

Kwa karne kadhaa baroni zilitumika kukusanyia kodi na kuandikia ardhi. Sheria ya mwaka 1898 ilipounda mabaraza ya kaunti na ya wilaya, baroni zilibaki bila kazi, ingawa hazikufutwa, na majina yake bado yamo katika hati za ardhi. Kwa hiyo kuiita baroni wilaya ni kumpa marehemu jina la mrithi wake.

Mwandishi wenu akitaka neno la kwetu, tarafa ingemfaa zaidi: nayo imekaa katikati, chini ya wilaya na juu ya kata, ina afisa wake, lakini haina baraza la kuchaguliwa.

Msomaji wenu,
Tanga