Vocha ya zawadi isife na hela yetu

Mhariri, siku hizi maduka hapa Tanga yanauza vocha za zawadi, unamlipia bi harusi elfu hamsini anapewa kikadi. Sasa dada yangu kaenda na yake kaambiwa imeisha muda, eti miezi 3, na tarehe yenyewe ipo nyuma kwa viherufi kama mayai ya chawa. Jamani hela si mshakula? Marekani tangu sheria ya 2009 kadi kama hizi hazifi kabla ya miaka 5, na hawakukati ada ya kutotumia mpaka mwaka mzima upite hujaigusa. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wapo, basi watuwekee kanuni ya vocha, tarehe iandikwe mbele, na chenji ikibaki mtu apewe hela sio kubebeshwa sabuni.

Msomaji, Ngamiani, Tanga