Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu na Michezo: Tujue kwanza ni nani anamchagua nani

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda, mpakani na Kenya, ambako nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari na kulea watoto wanne, mmoja wao akiwa binti wa marehemu kaka yangu. Mzazi wa hapa ana shule nyingi za kuchagua kuliko wazazi wengi wa nchi hii: zipo za serikali, za kanisa, za msikiti, zipo za watu binafsi zilizoanzia kwenye nyumba za kupanga, na zipo za upande wa Kenya, ambako wengine huvusha watoto kila asubuhi kabla lori la kwanza halijapita. Kwa hiyo ninaposikia wenye shule na hata walimu wenzangu wakisema kwamba dawa ya elimu yetu ni Serikali kumlipia mtoto popote mzazi atakapompeleka, kisha kuziacha shule zishindane, nasikiliza kwa makini, kwa kuwa ushindani huo sisi tunaishi nao tayari, isipokuwa tunaulipia wenyewe.

Naomba nianze na jambo lililotokea nyumbani kwangu. Binti huyu wa kaka yangu alisoma katika shule ya binafsi ya msingi, ambayo sitaitaja, tangu darasa la tatu. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na ukurasa wa gazeti uliotiwa kwenye fremu ya kioo, wenye orodha ya shule zilizofanya vizuri, na jina la shule hiyo limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Alipofika darasa la saba niliitwa chini ya ukurasa ule ule nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mtoto ni mwenye adabu ila hisabati inamvuta nyuma, na kwamba ingefaa asajiliwe kufanya mtihani wa mwisho katika senta ya shule nyingine, huku akiendelea kusoma hapo na mimi nikiendelea kulipa karo ile ile. Nilikubali. Niliogopa kwamba nikikataa, miezi iliyobaki angekaa darasani kama mtu aliyekwisha kuhama.

Asubuhi ya mtihani, mwanzoni mwa Novemba, nilimvalisha sweta isiyo na nembo niliyoinunua sokoni jioni iliyotangulia. Akaniuliza, "Baba mdogo, nikiulizwa natoka shule gani, nijibu ipi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Matokeo yalipotangazwa, shule iliyomfundisha kwa miaka mitano ilisherehekea idadi yake ya Daraja la Kwanza, naye hakuhesabiwa popote katika hesabu hiyo. Mzazi mpya aliyesoma orodha ya gazeti mwaka uliofuata, akauza ng'ombe ili mwanawe aingie shule ile, alinunua habari iliyokwisha kupunguzwa.

Nimeeleza hayo, Mheshimiwa, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma utafiti wa wachumi na wanaelimu kuhusu soko la shule. Nimeusoma kwa miaka kadhaa, nyakati za likizo, na nimekuta kwamba hausemi kile ambacho watetezi wa soko wanadai, wala kile ambacho wapinzani wake wanadai.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1955 mchumi wa Marekani Milton Friedman alipendekeza kwamba Serikali igharamie elimu bila kulazimika kuiendesha, yaani impe mzazi hati ya malipo, ambayo siku hizi huitwa vocha, akailipe shule anayoitaka. Nchi iliyolichukua wazo hilo kwa upana mkubwa ni Chile, mwaka 1981. Shule za binafsi zaidi ya 1,000 zilifunguliwa na sehemu ya wanafunzi waliosoma katika shule hizo ikapanda kwa asilimia 20 ya wanafunzi wote. Mwaka 2006 watafiti Chang-Tai Hsieh na Miguel Urquiola walichapisha uchambuzi wa manispaa zipatazo 150, wakilinganisha zile ambako ushindani ulikua sana na zile ambako ulikua kidogo. Hawakuona dalili kwamba wastani wa ujuzi wa watoto ulipanda. Walichokiona ni kwamba wanafunzi wenye uwezo zaidi walihama shule za umma, wakaacha wengine nyuma. Shule ziliruhusiwa kuwachuja watoto, na baadaye pia kuwatoza wazazi nyongeza juu ya vocha, na mwenye shule anayeweza kupata matokeo mazuri kwa kuchagua watoto wazuri hana haja kubwa ya kuhangaika na ufundishaji. Niliposoma sehemu hiyo niliuona ule ukurasa wa gazeti ndani ya fremu yake.

Lakini Chile haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo mara nyingi huachwa kusimuliwa. Mwaka 2008 sheria mpya iliongeza malipo kwa mtoto wa familia maskini, ikazitaka shule zitakazopokea nyongeza hiyo zisimtoze mtoto huyo chochote wala kumchuja kwa mtihani katika madarasa ya chini. Katika miaka iliyofuata alama za watoto maskini zilipanda na pengo kati yao na wenzao likapungua. Mwaka 2015 sheria nyingine ikaanza kuondoa kabisa uchujaji, nyongeza za ada na faida katika shule zinazopokea fedha za umma. Vocha ilibaki, masharti yake ndiyo yaliyobadilika.

Ushahidi wa kwingine unaelekea huko huko. Colombia, katika miaka ya 1990, iliwapa vocha za sekondari watoto zaidi ya 125,000, na pale waombaji walipozidi nafasi ilipiga kura ya bahati. Waliopata walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza darasa la nane kuliko waliokosa, tofauti ikiwa takriban asilimia 10. Katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, Karthik Muralidharan na Venkatesh Sundararaman walifuatilia watoto wa vijijini waliopata vocha kwa bahati nasibu. Baada ya miaka minne hawakuwa wamewazidi wenzao katika Kitelugu wala hisabati, ingawa waliwazidi katika Kihindi, na shule za binafsi zilitumia chini ya theluthi moja ya fedha ambazo shule za serikali zilitumia kwa kila mtoto. Mwenye kupenda soko atasoma hapo kwamba binafsi ni nafuu. Asiyelipenda atasoma kwamba binafsi haifundishi vizuri zaidi. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yanamhusu mzazi wa Busia anayejinyima chakula kwa kuamini kwamba karo kubwa ni ujuzi mwingi.

Nasi Uganda tumekwisha kufanya jaribio letu. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, na elimu ya sekondari kwa wote ilipoanza, mwaka 2007, tarafa nyingi hazikuwa na sekondari ya serikali hata moja. Serikali ikaingia ubia na shule za binafsi za karo ndogo, ikizilipa shilingi 47,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Watafiti waliolinganisha, kwa kura ya bahati, shule zilizoingizwa mapema na zilizosubiri waliona kwamba zilizoingia zilipokea watoto wengi zaidi na kwamba wanafunzi wake walifanya vizuri zaidi katika mitihani. Waliandika pia kwamba sehemu ya mafanikio hayo huenda ilitokana na vifaa vilivyoongezeka, na sehemu kutokana na kuvutia wanafunzi waliokuwa bora tangu mwanzo. Kuanzia mwaka 2018 ubia huo ukaanza kuondolewa. Katika mijadala yote niliyoisikia kuhusu kuondolewa kwake, nilisikia habari za fedha zilizochelewa na wanafunzi hewa, na hayo ni mambo mazito, lakini swali la nani aliingia na nani alizuiwa mlangoni sikulisikia likiulizwa.

Naamini swali hilo ndilo la kwanza. Hata katika shule zetu za umma, zoezi la kuwapanga wanafunzi wa kidato cha kwanza ambalo Wizara huliendesha kila mwaka huanza na alama za mtoto. Mzazi hujaza fomu ya machaguo, kisha wakuu wa shule hukaa na orodha zao. Tunaliita chaguo la mzazi, lakini mwenye kuchagua ni shule.

Utafiti ulionigusa kuliko wote ulifanyika katika vijiji 112 vya Punjab, Pakistan, na watafiti Tahir Andrabi, Jishnu Das na Asim Khwaja. Hawakutoa vocha wala kujenga shule. Wao wenyewe waliwapima watoto, kisha katika nusu ya vijiji wakampa kila mzazi karatasi yenye alama za mwanawe na wastani wa kila shule ya kijijini, ya serikali na ya binafsi. Alama za watoto katika vijiji hivyo zilipanda kwa 0.11 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha takwimu cha jinsi alama zinavyotawanyika), ada za shule za binafsi zikashuka kwa asilimia 17, na uandikishaji wa shule za msingi ukaongezeka kwa asilimia 4.5. Shule dhaifu za binafsi ama zilijirekebisha ama zilifungwa. Karatasi ile ilifanya kazi, Mheshimiwa, kwa kuwa watoto wote walipimwa na mtu asiye na hisa katika shule yoyote, na hakuna aliyeweza kumpeleka mtoto mzito akafanyie mtihani kijiji jirani.

Kwa msingi huo nina maombi ambayo hayahitaji kusubiri ubia mpya. La kwanza ni kwamba mtoto asajiliwe kwa mtihani wa Taifa katika shule iliyomfundisha, na namba yake ifungamanishwe na shule hiyo tangu darasa la sita, ili anayehamishwa baada ya hapo ahamishwe kwa sababu iliyoandikwa na kukaguliwa wilayani. Bila hilo, takwimu nyingine yoyote kuhusu ubora wa shule ni ya kubahatisha, na nakuomba ulipatie uzito kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Pili, Baraza la Mitihani linayo matokeo ya mtoto alipomaliza msingi na ya mtoto yule yule alipomaliza kidato cha nne. Yakiunganishwa, na tukikumbuka kwamba katika mtihani wa msingi alama ndogo ndizo bora, tutaweza kuona shule iliyompokea mtoto wa alama 26 ikamfikisha mbali, na shule iliyompokea wa alama 5 ikamrudisha nyuma. Najua mtaala mpya wa kidato cha nne, uliotahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, una namna yake ya kutoa madaraja, na kulinganisha kutahitaji kazi ya kitaalamu. Wataalamu wa kazi hiyo tunao katika vyuo vikuu vya Makerere na Kyambogo. Ukurasa mmoja kwa kila shule ungetosha, unaobandikwa ofisi ya tarafa kwa lugha wanayoisoma watu wa hapo, ukionyesha maendeleo hayo, idadi ya waliokuwa kidato cha tatu na waliofanya mtihani, na gharama zote. Nasema zote kwa sababu karo inayotangazwa haina rimu ya karatasi, fagio, sabuni, ada ya intavyuu, mchango wa jengo na sweta inayouzwa shuleni tu. Mwaka jana nilijumlisha orodha ya mtoto mmoja kwa penseli, nikakuta vitu vya pembeni vimefika karibu nusu ya karo yenyewe.

Na endapo siku moja Serikali itarudi kuzilipa shule za binafsi, kama inavyoweza kulazimika pale ambapo tarafa haina sekondari yake, basi shilingi ya umma isiingie shule yenye intavyuu. Waombaji wakizidi nafasi, ipigwe kura mbele ya wazazi. Mtoto wa alama dhaifu au wa familia maskini alipiwe zaidi kuliko mwingine, kwa kuwa kumfundisha kunahitaji zaidi, na fedha zifike kabla ya muhula kuanza, maana mwenye shule ndogo anayesubiri ruzuku hadi Agosti atawatoza tu wazazi kwa jina jingine.

Binti wa kaka yangu sasa yuko kidato cha pili katika shule ya serikali, umbali wa safari fupi ya boda boda kutoka kwangu. Mwalimu wake wa hisabati humbakiza yeye na wenzake sita kila Jumatano baada ya vipindi, bila malipo, na alama zake zimepanda kutoka 31 hadi 54. Hakuna gazeti linaloweza kuichapisha habari hiyo kwa sasa, kwa sababu hakuna anayeipima. Daftari lake ninalo, pamoja na risiti za shule ya kwanza na kadi ya mtihani yenye jina la shule ambayo hakuwahi kusoma. Ofisi yako ikivihitaji, nitavileta Kampala mwenyewe.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili na mzazi, Busia