Vyura wa Kihansi wanaendeleaje?

Mhariri, salaam. Nina hoja fupi kuhusu wale vyura wa korongo la mto Kihansi, kule Udzungwa penye mitambo ya umeme wa maji, maana kila mjadala wa umeme ukianza lazima atokee mtu wa kuwacheka, eti tumepoteza mahela kwa ajili ya vyura wakati watu wako gizani. Jamani hebu tuwe wakweli, mitambo ya megawati 180 haikuzimwa kwa ajili ya chura, ilikamilika na inafua umeme hadi leo. Kilichotugharimu ni kuanza kujenga kwanza halafu ndo tukaenda kuangalia kuna viumbe gani mule korongoni. Chura mwenyewe kagunduliwa 1996 ujenzi ukiwa umeshaanza, sasa hapo kosa la chura liko wapi?

Huyu chura mkubwa kabisa hafiki hata sentimita 3, rangi ya njano, na hatagi mayai majini kama vyura wengine, anazaa watoto wakiwa vyura kamili kabisa, na ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba unawaona watoto ndani. Alikuwa anaishi sehemu moja tu duniani, kwenye eka chache zenye manyunyu ya maporomoko. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakata. Mwaka 2000 wakachukuliwa 499 kupelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ikabidi watu wajifunze hapo hapo taa gani, chakula gani, maana wengi walikufa na kuna kipindi walibaki chini ya 100. Huku nyumbani yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini 2003 wakaisha ghafla, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukakutwa humo humo. 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena. Kumbe wale wa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, walikuwa wameshazaliana wakajaa, 2010 wakarudishwa 100 chuo kikuu Dar na 2012 wapatao 2000 wakaachiwa korongoni.

Siku ile waliporudi magazeti yote yaliandika, mawaziri wakapiga picha, baada ya hapo kimya. Sasa mimi nachouliza ni hivi, kumzalisha chura kwenye tanki la kioo ishajulikana inawezekana, shida ni huko korongoni ambako ukungu bado upo na manyunyu yanategemea mabomba, je nani anayakarabati yale mabomba na kwa bajeti gani? Kiangazi maji yakipungua na umeme unahitajika, nani anaamua kiasi gani kibaki cha chura? Wale walioachiwa wanazaana wenyewe au kila mara tunaongezea kutoka Dar?

Naomba gazeti lako litume mwandishi hadi Kihansi kwenyewe, asiishie ofisini, aongee na wale vijana wanaohesabu vyura usiku na tochi, halafu mtuandikie idadi yao kila mwaka, hata ikiwa ndogo.

Msomaji wenu,
Iringa