Barua ya wazi kwa Shangazi: kwao Burnley ni watu gani

Shangazi, shikamoo.

Kwenye kikao cha posa uliuliza swali moja tu: "Huyo binti kwao ni watu gani?" Baba mdogo akakujibu kwamba ni Wazungu, basi, kana kwamba Uzungu ni ukoo. Wengine wakacheka, wewe hukucheka. Tangu nimwoe nikahamia huku kwao nimekuwa nikilikusanya jibu lako kidogo kidogo, mengine jikoni kwa mama mkwe, mengine kwenye makaratasi ya serikali yao. Naliweka hadharani kwa sababu nusu ya binamu zangu wanaulizia jambo hilohilo, na mama mkwe ameridhia, mradi nisitaje jina la mtu.

Basi, ni wafumaji. Najua Mwingereza unayemkumbuka wewe ni bwana shauri, padri wa misheni na meneja wa shamba la mkonge. Hawa ni watu wengine kabisa. Babu zao walipanga vyumba, walikopa dukani na walikula walichokivuja jasho wiki ile ile. Kwao ni Burnley, mji wa jimbo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ulio bondeni chini ya milima ya Pennines, penye mvua isiyojua kiangazi. Mfereji wa kutoka Leeds kwenda Liverpool umeukatiza mji, na kando ya mfereji ndiko vilikosimama viwanda. Kabla ya vita ya 1914, mji ule wa watu laki moja na ushee ulikuwa na mitambo ya kufumia nguo ipatayo laki moja. Vitoto vichanga vikihesabiwa ndani! Mfumaji mmoja kwa kawaida alisimamia mitambo minne, akalipwa kwa kipimo cha nguo aliyotoa, na bei ya kipimo ilikuwa ileile kwa mwanamke na mwanamume. Hapo nakuona unaitikia kwa kichwa. Ndiyo sababu wanawake wa huku hawakuacha kazi walipoolewa. Watoto walilelewa na bibi, au na jirani aliyelipwa kwa wiki.

Kuhusu ukoo: wakisema hawana, usiwaamini. Vijiji vya Lancashire vilikuwa na majina ya ukoo machache na watu wengi, ukiita jina moja sokoni wanageuka kumi. Kwa hiyo walitajana kwa baba na babu: Jack o' Tom's o' Bill's, yaani Jack wa Tom wa Bill. Ali bin Juma bin Hamisi kabisa, Shangazi, tena kwa watu wa kanisani waliokula viazi. Padri aliandika jina la ukoo kwenye daftari, mtaani ikabaki minyororo.

Kazi ilikuwa kelele. Huku juu Harle Syke kuna kiwanda cha Queen Street, kilichofuma kwa mvuke mpaka 1982, na sasa ni makumbusho. Mitambo michache tu ikiwashwa, unahisi sauti kwenye meno. Zamani ilinguruma mamia kwa pamoja. Wafumaji walizungumza kwa midomo bila sauti, wakikunjua kila neno usoni, na wenyewe waliita kufanya hivyo mee-maw. Mama yake mama mkwe alikuwa bingwa. Hata nyumbani, penye ukimya, ikifika habari ya mimba ya mtu au ya tumbo la kike, sauti ilikatika na midomo ikaendelea peke yake. Watoto walijua hapo ndipo pa kukazia macho.

Ulitaka pia kujua wanaugua nini. Wazee wote niliowakuta walikuwa viziwi au nusu viziwi, na nilianza kuogopa kwa ajili ya wanangu, mpaka nikaelewa kuwa ni mitambo. Meno nayo: uzi wa mshindio ukiisha, mfumaji alichukua kile kijiti cha kupitishia uzi, akaweka mdomo kwenye tundu na kuuvuta uzi kwa pumzi, mara nyingi kwa siku, kijiti kilekile kikipita midomo ya wengine. Kitendo hicho walikiita kukibusu. Kilipigwa marufuku mwaka 1952. Wanaume waliokwenda migodi ya makaa walikufa kwa vifua. Mlipuko wa Hapton Valley wa Machi 1962 uliua watu 19, na mama mkwe anaikumbuka asubuhi ile kwa namna akina mama walivyotoka milangoni bila kanzu za baridi. Kifafa hakipo, wazimu haupo. Hasira ipo kidogo, upande wa babu.

Sasa makaratasi. Serikali yao ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, na sensa yenye majina ipo tangu 1841. Ukiwa maskini wa Uingereza uliandikwa sana, kwa sababu kila mwenye mamlaka alitaka kujua uko wapi na unamdai nani chakula. Kwa hiyo naweza kukuambia mtu wa 1850 alikaa nyumba namba ngapi na alikuwa na kazi gani, ila siwezi kukuambia alicheka vipi. Kwenye vyeti vya ndoa vya kale mara nyingi hakuna sahihi, kuna msalaba tu, na karani ameandika pembeni kuwa hiyo ni alama ya fulani. Na cheti cha ndoa kilitaja baba wa bwana na baba wa bibi harusi, na kazi zao. Mama hakutajwa. Mama wa bibi harusi, aliyemzaa, aliyemshonea gauni, hakuwa na mstari wake mpaka Mei 2021! Wewe ambaye hulianzi jambo la ndoa bila kuuliza "mama yake katoka wapi" ungewafukuza makarani wote.

Sensa moja ndiyo iliyouliza kama unavyouliza wewe. Mwaka 1911 kila mwanamke mwenye mume alitakiwa kusema ameolewa miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai, wangapi wangali hai, wangapi wamekufa. Na karatasi zilizohifadhiwa ni zile walizojaza wenyewe, kwa mkono wao. Hapo ndipo ukoo huu uliponifungukia.

Babu wa zamani, mkuu wa nyumba, alijaza: waliozaliwa 9, walio hai 5, waliokufa 4. Mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu. Lakini ukihesabu majina aliyoyaandika kuwa ni wanawe, yanatimia 6. Mwisho kabisa kuna kitoto cha kike cha miaka mitano, "binti", na mama wa nyumba ana miaka hamsini. Mzee wa watu hakujua kusema uongo wenye hesabu sahihi. Kwenye safu ya ujamaa alificha, kwenye safu ya vizazi akasema kweli.

Tukaagiza cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, ambaye ndiye mama yake mama mkwe, huyo bingwa wa midomo. Mama aliyeandikwa ni dada mkubwa, mfumaji wa miaka kumi na minane. Safu ya baba ina mstari mtupu. Mahali pa kuzaliwa ni namba na jina la mtaa, pakavu, bila jina la nyumba. Mtaa ule ulikuwa na nyumba ya mafukara, ile walikopelekwa wazee wasio na watu na wasichana wenye mimba zisizo na mwenyewe. Tangu 1904 makarani waliagizwa wasiandike tena jina la nyumba hizo kwenye vyeti vya watoto, waandike anwani ya mtaa tu, ili mtoto asitembee na aibu maisha yake yote. Katika makarani wote niliowasema vibaya hapo juu, huyo aliyetoa agizo hilo namtoa.

Binti akarudi na mtoto, bibi akamchukua mtoto akamwita wake, na yule msichana akaishi nyumba moja na mwanawe akiitwa dada. Mtoto alipokua na kuolewa, kwenye cheti akamtaja babu yake kuwa baba. Pa mama hapakuwepo. Lakini tazama chini, kwenye sahihi za mashahidi wawili: mmoja ni "dada". Mkono wake upo pale, umetulia, herufi zimeandikwa kwa uangalifu.

Tulimwonyesha mama mkwe. Alikaa akaitazama karatasi, kisha akasema huyo ndiye mama mkubwa aliyekuwa akimletea nguo mpya kila Pentekoste. Desturi yao ilikuwa hiyo: Pentekoste mtoto alivishwa upya na kupitishwa kwa majirani, nao walimtilia senti mfukoni. Wapwa wengine waliletewa soksi, yeye aliletewa gauni na viatu. Kumbe alikuwa bibi yake. Tulipompigia simu binamu yake mkubwa, ajuza wa miaka tisini na zaidi, alishangaa sisi kushangaa. Mtaa mzima ulijua, akasema, nani alihitaji kusemwa? Kwetu mtoto wa namna hiyo hulelewa na bibi mchana kweupe, na sijui kama wao walikosea kuficha. Msichana angefukuzwa kanisani kwao, na pengine nyumba ile ingekosa hata mpangaji wa kuwaongezea kodi.

Huyo mtoto naye alianza kiwandani akiwa na miaka kumi na miwili, nusu siku kazini, nusu siku shuleni, akisinzia juu ya meza. Alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Sheria ya 1918 ndiyo iliyoukomesha utaratibu huo, nao ukachukua miaka michache kufa kabisa.

Nyuma zaidi yake kuna njaa. Kwenye sensa ya 1861 mkuu wa nyumba ni mfumaji. Mtoto wake aliyezaliwa baadaye kidogo ana baba "mponda mawe". Katikati hapo Wamarekani walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ikazuiwa bandarini, Lancashire ikakaa bila kazi mpaka 1865, na wafumaji wakapewa barabara za kujenga ili wapate mkate. Hata hivyo wafanyakazi wa Manchester walikutana mwisho wa 1862 wakamwandikia Lincoln kwamba wako upande wake dhidi ya utumwa, naye akawajibu Januari 1863. Vita hiyohiyo ndiyo iliyoikata merikani, ile nguo ya pamba ya Marekani, iliyokuwa ikishushwa Unguja na merikebu za Salem, bandari ya kwao. Kwa hiyo mwaka ambao mababu wa mke wangu walikosa pamba ya kufuma, pwani yetu ilikosa merikani ya kuvaa.

Vita ya 1914 nitapita haraka. Kijana mmoja wa nyumba ile, kati ya wale watano waliokuwa hai, aliingia kikosi walichokiita Accrington Pals, ambacho Burnley ilikitolea kampuni nzima: majirani, wachezaji wa timu moja, watu wa kanisa moja. Tarehe 1 Julai 1916 waliingia uwanjani Serre, Ufaransa, watu 720 hivi, na katika nusu saa 584 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawaonekani. Faili lake halipo, maana bomu la Wajerumani la 1940 liliunguza ghala la mafaili ya askari London. Kadi ya medali ipo.

Kuna jambo moja litakufurahisha. Hawa watu walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, tena vya kale. Kila wiki mtoza alipita mlango kwa mlango kuchukua senti ya kila aliye ndani, hata mtoto mchanga, kwa kuwa kuzikwa na serikali kwenye kaburi la mafukara ndiyo fedheha waliyoiogopa kuliko deni. Wakawaweka hai kwa viazi ili wawazike kwa heshima! Matanga yao huliwa nyama ya nguruwe iliyochemshwa, na sifa ya maiti ni kusema "tulimzika na ham". Niliinyamazia sahani yangu, usijali.

Na ushirika pia waliutangulia. Duka la kwanza lililofanikiwa la wanachama lilifunguliwa na wafanyakazi wa Rochdale, si mbali na hapa, Desemba 1844, na faida iligawiwa kwa kadiri ya ulivyonunua. Kila nyumba ilikuwa na namba yake ya mgawo. Mama mkwe husahau miwani iko wapi ikiwa kichwani pake, lakini namba ya mama yake anaitaja usingizini, kwa sababu alitumwa sukari tangu ana miaka mitano na ole wake aikosee.

Hao ndio watu wao, Shangazi. Sasa nina langu. Mjukuu wako anachora ukoo wake, na upande wa Burnley umefika 1790 na zaidi huku upande wetu wa Muheza umekwama kwa babu, ambaye wote tunajua tu kwamba alikata mkonge. Binamu atakuja Jumapili na simu ya kurekodi. Mpe chai na usimfupishie. Mama yake babu alikuwa nani, na kwa nini hakuzikwa na wenziwe? Yule mtoto aliyelelewa nyumbani mkasema ni wa jirani, alikuwa wa nani? Na kile kipande cha babu, kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilichokuwa ndani ya kasha la nguo, chenye siku zake thelathini, bado kipo au panya wamekimaliza?